Merle Hayumo Kwenye Jedwali

Tunbury, Vermont
12 Januari 1997

Mdogo wangu Verna,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe pamoja na hilo goti lako. Sisi huku tupo, ila baridi imetuandama. Jana mlango wa banda la kuni uligandana hata nikaufungua kwa shoka. Wifi yako Adelaide anakusalimu. Alipasuliwa mtoto wa jicho kabla ya Krismasi, sasa anaona vumbi lote la nyumba hii, na kosa limekuwa langu.

Najua unashangaa kupata bahasha nene badala ya kadi ya sikukuu. Nina jambo.

Tangu nistaafu ualimu nimekuwa nikiandika kijitabu. Chama cha Historia cha hapa kijijini kimekubali kukichapa, na Julai Nne, sikukuu ya uhuru, nitakizungumzia ukumbini. Swali langu ni moja tu: mzunguko wa vizazi katika nchi hii yetu huchukua miaka mingapi? Tazama. Vita vya kumfukuza Mwingereza vilianza 1775. Vita vya sisi kwa sisi, Kaskazini na Kusini, 1861. Hapo ni miaka themanini na sita. Kutoka hapo hadi tuliposhambuliwa Pearl Harbor, 1941, ni themanini kamili. Ukihesabu mwisho kwa mwisho, 1783, 1865, 1945, unapata themanini na mbili, kisha themanini. Wapo wanaodai ni mia. Mimi nasema themanini na kidogo, na sababu yake ninayo: huo ndio umri wa mzee aliyebahatika. Aliyeona vita vikubwa ujanani huishi akiwaonya wenzake wasicheze na moto. Akizikwa wa mwisho wao, wajukuu huuchezea. Ongeza themanini juu ya 1945 unapata 2025. Mimi na wewe tutakuwa udongoni, lakini watakuwepo watu watakaotaka kujua.

Sasa ombi. Mama alikuachia wewe barua za Asahel, baba wa babu yetu, alizoandika akiwa vitani mwaka 1863. Nazihitaji. Sauti ya mtu aliyekuwepo ni bora kuliko kurasa kumi za mwalimu. Nimekuambatanishia jedwali langu uone kazi ilivyofikia.

Mimi kaka yako,
Orrin


Bandon, Oregon
20 Februari 1997

Kaka Orrin, shikamoo.

Barua yako ilinifikia zamani. Mimi ni mzima, goti ndilo linalolalamika, na mvua hapa haijakatika tangu mwaka uanze. Mwambie wifi vumbi halijawahi kuua mtu, aliache, litamzoea.

Nimesoma jedwali lako. Siku hiyo alikuwepo jirani yangu, Hisako Okuda, tunamenya viazi, nikaona nimsomee na yeye. Nilipofika pale 1941 hadi 1945, ulipoandika kwamba taifa lilisimama kama mtu mmoja, Hisako alicheka mpaka akaweka kisu chini.

“Kaka yako kasema kweli,” akaniambia. “Tulisimama. Mimi nilisimama kwenye foleni ya choo, kwenye mabanda ya farasi walikotufungia sisi wenye sura za Kijapani. Baba yangu naye akasimama nyuma ya seng'enge miaka mitatu. Mwambie aandike na hiyo, asituonee haya.”

Nimekufikishia.

Kuhusu barua za Asahel, sanduku liko juu ya dari, na ngazi na goti langu hawaelewani.

Jambo moja nimeliona. Kila mstari wa jedwali lako umeujaza maneno, hata ule wa 1840, ambao sidhani kama kuna mtu anaukumbuka. Mstari wa 1964 hadi 1974 una maneno matatu: “Kelele za vijana.” Nimeusoma mara kadhaa. Pengine na mimi nina mtoto wa jicho.

Ndimi,
Verna


Tunbury
9 Machi 1997

Mdogo wangu Verna,

Salamu kutoka kwenye matope. Theluji imeanza kulainika, tumeanza kutoboa miti na kuchemsha utomvu wake mtamu hadi uwe sharubati nzito. Adelaide amevuna galoni nne. Jumanne tulikuwa na mkutano wa kijiji. Tulibishana saa mbili na nusu juu ya gari jipya la kusukuma theluji, tukaamua kutengeneza lile bovu, kama mwaka jana.

Mwambie Bi Okuda yuko sahihi, na nimeongeza tanbihi.

Kuhusu ule mstari, ni suala la vipimo tu. Mzunguko hupimwa kwa mawimbi makubwa. Katikati ya wimbi na wimbi huja kizazi kilichozaliwa kwenye shibe, kikawapigia wazazi kelele. Walikuwepo mwaka 1835, walikuwepo mwaka 1895. Vita vya Vietnam havikuanzisha mzunguko wala kuufunga, kwa hiyo havigusi hesabu. Sijamkusudia mtu yeyote, Verna. Jedwali halina watu.

Kuna kijana wa zimamoto huko kwenu? Wana ngazi nzuri, na hawana kazi mvua ikinyesha. Nazihitaji barua zile kabla ya Mei.

Kaka yako,
Orrin


Bandon
27 Aprili 1997

Kaka Orrin, shikamoo.

Huku tumepata siku nne za jua mfululizo, watu wamechanganyikiwa, hawajui wavae nini. Nilipanda darini mwenyewe. Hisako alinishikia ngazi, akiniambia kila mara, “Ukianguka, angukia upande ule.”

Nimekutolea nakala za barua tatu za Asahel. Nimezibakiza zile za asili. Utaona mwenyewe kwamba humo hamna taifa. Kuna viatu. Kuna kuhara. Kuna ng'ombe aliyekataa kukamwa na mtu mwingine. Halafu soma ya tatu, aliyomwandikia mkewe Agosti ile: “Mzuieni Joel asijiandikishe. Mfungeni kamba mkipenda, mimi nitabeba lawama.” Joel alikuwa mdogo wake wa mwisho, miaka kumi na saba. Jina lake unalijua lilipo. Liko kwenye mnara wa mawe mbele ya ukumbi utakamosimama wewe Julai Nne.

Sasa nieleze, mwalimu. Unasema watu hurudia kwa sababu waliokumbuka wamekufa. Asahel hakuwa amekufa. Damu za wenzake hazikuwa hata zimemkauka mwilini. Alisema siku ileile, kwa wino, na mtoto alikwenda. Ile miaka themanini ya kusahau ilihitajika wapi?

Ndani ya sanduku hilo kuna barua kumi na moja za Merle. Hizo sitakutumia. Sitaki mwanangu wa pekee awe tanbihi. Lakini nitakunakilia sentensi mbili kutoka ile ya mwisho, aliyoandika Februari 1968, siku tisa kabla hawajamuua kule Vietnam: “Mama, mwambie mjomba Orrin asiipandishe trekta ya baba kilimani peke yake, inavuta kushoto. Anisubiri nirudi tuishughulikie pamoja.”

Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Baba yake alikuwa amekufa chini ya trekta hiyo, na yeye, huko aliko, anakuhofia wewe. Ulimfundisha darasani miaka miwili, ulikuja shambani kila Jumamosi. Umewahi kumsikia mtoto yule akipaza sauti, hata kwa ng'ombe?

Nataka unijibu. Kwenye jedwali lako Merle yuko mstari gani?

Verna


Tunbury
19 Mei 1997

Mdogo wangu Verna,

Nakala zimefika salama, asante. Miti imechanua na Adelaide amepanda njegere. Mimi nina mafua kidogo.

Kuhusu hilo uliloniuliza, nitakuandikia.

Orrin

Verna, ni mimi Adelaide, naongeza hapa kabla hajafunga bahasha. Hana mafua yoyote. Ameziweka zile nakala kwenye meza ya kulia, hataki ziondolewe, na tunakulia jikoni. Sijui mmeandikiana nini. Sijaambiwa, nami sijauliza.


Tunbury
13 Julai 1997

Mdogo wangu Verna,

Sisi ni wazima. Njegere zilitoka vizuri. Ng'ombe wa jirani walivunja uzio wakala safu mbili, na Adelaide amewatukana kwa majina yao.

Siku ile ya ukumbini mvua ilinyesha. Walikuja watu arobaini na mbwa mmoja. Nilianza na 1775, nikaenda vizuri, watu wakinakili. Nilisoma barua za Asahel zote tatu, na ile ya Joel niliisoma huku nikiuona mnara dirishani. Nikafika 1964. Nikasoma kama nilivyoandika: “Kelele za vijana.”

Nyuma kabisa alikuwa ameketi Dana Whitcomb. Utamkumbuka, alisoma darasa moja na Merle, alirudi bila mkono. Hakusimama. Alisema tu, “Mwalimu, mimi sikupiga kelele.”

Nikakunja karatasi zangu. Watu wakadhani nimechoka kwa sababu ya uzee, wakapiga makofi, wakaenda kula.

Sasa nakuandikia nililopaswa kukwambia jikoni kwako Novemba ya mwaka 1966.

Unajua nilikuwa kwenye kamati ya wilaya ya kuandikisha vijana jeshini. Tulikuwa watano, wote tuliopigana vita vya Hitler, na mwenyekiti alikuwa Horace Blodgett. Merle alileta ombi la kuachwa shambani: baba amefariki, ng'ombe thelathini na wawili, mama peke yake. Ombi la haki kabisa. Sheria ilinitaka nitoke nje jambo la ndugu yangu likifikishwa mezani. Nilitoka. Kwa miaka thelathini hilo ndilo nililojiambia: nilitoka.

Lakini kabla sijafika mlangoni Horace aliniita. “Orrin, hebu tuambie, hivi dada yako anaweza kuliendesha shamba lile bila kijana?”

Nikasema, “Nani, Verna? Verna ataliendesha kwa mkono mmoja, huku wa pili unakanda mkate.”

Wakacheka. Na mimi nilicheka. Nilisema kwa kujivunia, nataka uamini hivyo, kwa sababu ni kweli nilijivunia. Lakini kuna jingine, hili hata Adelaide hajalisikia. Wiki iliyotangulia tulikuwa tumempeleka jeshini mtoto wa kina Pelkey. Baba yake ndiye aliyekuwa na duka la mbegu, na nilikuwa nikienda dukani kwake kila wiki. Nilipoulizwa lile swali nilimwona Pelkey nyuma ya kaunta yake akiniangalia, akijua kwamba mpwa wangu amebaki. Nikachagua jibu ambalo lingenipa amani dukani.

Nilisimama kwenye ushoroba kama dakika nne. Waliponiita ndani faili lilikuwa limefungwa na walikuwa wakizungumza habari za kulungu.

Miezi kumi na mitano baadaye alikufa, na nikashika pembe ya mbele ya jeneza lake.

Uliniuliza yuko mstari gani. Hayumo. Niliandika “kelele” kwa sababu neno jingine lolote lingenidai jina.

Nimekiambia chama kisichape kwanza. Sikuombi kitu, Verna. Hata kujibu usijilazimishe.

Orrin


Bandon
6 Septemba 1997

Kaka Orrin, shikamoo.

Mimi ni mzima. Hisako alivunjika kifundo cha mguu Agosti, akishuka ngazi zake mwenyewe, si zangu, na tumekuwa tukicheka sana kuhusu hilo. Nimempikia wiki tano. Hiyo si sababu ya kuchelewa. Nimechelewa kwa makusudi. Nilitaka uonje kungoja.

Ulidhani sijui?

Mke wa Horace aliniambia siku ya maziko, jikoni kule kanisani, ameshika bakuli la maharage. Alidhani ananifariji. “Hata kaka yako aliwaambia, Verna ni shupavu, mkono mmoja unamtosha.” Nikamaliza kukausha sahani niliyokuwa nayo. Nikachukua nyingine. Wewe ulikuwa mlangoni, umeshika kofia, nikajisemea moyoni, sasa hivi atakuja aniambie. Ukaja. Ukaniuliza nyasi kavu nitauza bei gani mwaka huu.

Basi nikangoja. Nililiendesha shamba lile peke yangu miezi kumi na tisa mingine, ng'ombe wote, nikiamka kabla hawajaamka wao, ili kaka yangu asionekane mwongo. Uliendelea kuja Jumamosi. Ulikuwa ukitengeneza uzio, unakunywa kahawa, unaondoka. Oktoba 1969 nikauza, nikaja huku mpaka nchi ilipoishia. Kijiji kizima kilisema Verna kahamishwa na majonzi. Majonzi ningeweza kuyabeba hapohapo nyumbani. Nilichoshindwa ni kukumiminia kahawa.

Sitakwambia kwamba neno lako halikumuua. Siku nyingi naamini wangempeleka tu, wale wanne, hata ungepiga magoti. Siku nyingine siamini. Utaishi na zote mbili, kama mimi.

Kijitabu chako usikitupe. Pengine hesabu ni sahihi, pengine 2025 itawakuta watoto wa watu kama ulivyoandika, mimi si mwalimu. Ila sababu uliyoitoa si yenyewe. Unasema moto hurudi kwa kuwa waliouona wamekwisha. Sisi hatujakwisha. Mimi nakumbuka, wewe unakumbuka, Dana Whitcomb anakumbuka kwa mwili wake, Hisako anakumbuka harufu ya yale mabanda. Tulikuwepo wote, Orrin. Tulikuwa tukiulizana bei ya nyasi. Kama unataka kujua kitu kinachukua miaka mingapi, hicho chetu kimechukua ishirini na tisa na miezi minne, kuanzia maziko hadi barua yako. Andika hiyo, na uweke majina.

Nimekata tiketi ya treni. Nitashuka stesheni ya White River Alhamisi, tarehe ishirini na tano, saa kumi na mbili kasoro jioni. Sijui kama nimekusamehe, nikifika tutaona. Wifi mwambie asihangaike na chumba cha juu, ngazi sitaki, nitalala sebuleni.

Njoo na gari, njoo peke yako, na usilete maua. Kabla ya kwenda nyumbani tutapitia kwa Merle. Utasimama pale, na hayo uliyoniandikia mimi utamwambia yeye kwa sauti, kuanzia swali la Horace mpaka duka la Pelkey. Usiruke kitu. Mimi nitakuwa kando yako, nasikiliza.

Dada yako,
Verna